Namna ya Kupeleka Chama Kizima Majuu kwa Maili za Kadi

Mtu wa Embakasi haelezwi ndege ni nini. Huamka nazo, hulala nazo, na kioo cha dirisha kikianza kutetemeka anajua ni saa ngapi bila kuangalia simu. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mtaani kwetu. Ulifunguliwa Machi 1958 ukiitwa uwanja wa Embakasi, na waliotoka jasho kuujenga ni mahabusu wa vita vya Mau Mau. Mpaka leo basi nambari 34 linatoka mjini, linashika Jogoo Road, linakufikisha huko.

Ila wengi wetu tunaufahamu uwanja huo kwa kusindikiza. Tunabeba masanduku ya binti anayekwenda Doha kufanya kazi, tunaomba Mungu mbele ya mlango, tunapiga picha, tunarudi Umoja na matatu. Mwongozo huu umeandikwa ili waliozoea kusindikiza nao wapite ule mlango, walau mara moja. Na wapite pamoja, maana mama wa chama hakubali kusafiri peke yake hata ukimlipia kila kitu.

Basi fuateni hatua, na msiruke hata moja. Wenye haraka tumewaona wakichangiwa nauli ya kurudi.

Pigeni hesabu kabla ya kupiga picha

Itisheni mkutano Jumapili alasiri, viti vya plastiki nje, thermos mbili za chai. Kwenye ajenda andikeni neno moja tu: Dubai. Kuna mtu atasimama, na kila chama kinaye, aseme amesikia kuna kadi ya mkopo ambayo kila ukinunua kitu inakupa maili, na maili zikijaa unapanda ndege bila kutoa hata ndururu. Mwacheni amalize. Mwongezeeni chai. Kisha mwombeni mweka hazina afungue kauntabuku ukurasa mpya.

Tuseme kadi inatoa maili 1 kwa kila shilingi 100. Tuseme nyumba moja ya Komarock inapitisha shilingi 40,000 kwenye kadi kila mwezi: unga, mafuta, sabuni, petroli ya pikipiki. Hizo ni maili 400. Kwa mwaka ni 4,800. Tuseme kiti cha kwenda Dubai na kurudi kinataka maili 40,000. Mtoto aliyeingia gredi ya 1 mwezi mliochukua kadi atakuwa gredi ya 9 siku mama yake atakapopata kiti kimoja.

Na hapo nimewahurumia, kwa sababu hizo 40,000 hazipiti kwenye kadi. Eastlands inalipa kwa simu. Mama wa nyanya pale Mutindwa ana till. Kinyozi ana till. Kodi ya nyumba inakwenda kwa paybill ya landlord, karo inakwenda benki, na nauli ya matatu utaitoa kwa noti ama kwa simu lakini si kwa kadi. Mashine ya kadi utaikuta supamaketi, kituo cha mafuta na hospitali. Ukitoa pesa kwa ATM na kadi ya mkopo ili umlipe mama wa nyanya, utatozwa ada, na kwa kawaida hupati maili hata moja.

Mwingine ataruka: basi tutumie Bonga! Huyu ana hoja, na apewe nafasi. Bonga, zile pointi za Safaricom, zimekuwepo tangu 2007, kila mtu mtaani anazo, na mtu anaweza kumhamishia mwenzake, jambo ambalo kadi nyingi haziruhusu. Lakini hesabu ni hesabu. Unapata pointi 1 kwa kila shilingi 10 unazotumia. Tuseme ukilipia dukani pointi moja inasimama badala ya senti 20. Tiketi ya shilingi 60,000 inataka pointi 300,000, na pointi 300,000 zinataka muwe mmetumia shilingi milioni 3 kwa kuongea na kupekua mitandao. Bonga zinunue bando za kupigia watoto simu mkifika. Ndege ziachieni njia nyingine.

Fuliza, ambayo tangu Januari 2019 ndiyo kadi ya mkopo ya mtaa hasa, inakukopesha papo hapo kwenye till, inatoza ada kwa kila siku deni linapolala, na maili haina. Kwa safari hii Fuliza ikae kando kabisa. Nasema hivyo kwa sababu nimewaona watu wakifuliza mchango wa chama ili wasipigwe faini, kisha ada ya Fuliza ikapita hiyo faini.

Kwa nini maili za kwetu ni nyembamba hivi? Mchezo huu ulianzia Marekani. American Airlines ilianzisha mpango wake wa maili tarehe 1 Mei 1981, na mwaka 1987 benki ya Citibank ikatoa kadi inayolipa maili hizo kwa manunuzi ya kila siku. Kila kadi inapopitishwa dukani, mwenye duka anakatwa asilimia fulani, benki inachukua fungu lake, na sehemu ya fungu hilo benki inaitumia kununulia maili kutoka kwa shirika la ndege ili impe mteja. Marekani fungu hilo la benki ni kubwa, ndiyo maana maili zao ni nono. Ulaya walilibana tangu mwisho wa 2015 lisizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, na zawadi za kadi zikapungua. Kwetu, ambako shilingi nyingi hazigusi kadi, hakuna mfuko mkubwa wa kuchota.

Kama bado mnataka kadi, na iwe hivi

Sisemi msichukue kadi. Nasema mchukue moja, na muitumie kama chama.

Tuseme mko nyumba 12 na kila nyumba ina yale matumizi ya shilingi 40,000. Mkiyapitisha kwenye kadi ya mwanachama mmoja mwenye payslip nzuri, mtapata maili 4,800 kwa mwezi, 57,600 kwa mwaka. Kile ambacho nyumba moja ingengoja miaka minane mnakipata kabla ya mwaka kwisha. Hata mkifikia robo tu ya kiwango hicho, na ndicho ninachokiona kinawezekana Eastlands, ndani ya miaka mitatu mna kiti. Anzeni na ununuzi mnaofanya kwa pamoja tayari: magunia ya mchele wa Mwea ya Desemba, mitungi ya gesi, mabati ya yule anayejenga Ruai, mablanketi ya msiba. Vikinunuliwa mahali penye mashine, vipite kwenye kadi.

Sheria ni moja na isiwe na msamaha: pesa mbele, kadi nyuma. Kila mtu atume M-Pesa yake kwa mwenye kadi kabla kadi haijapitishwa, na mwenye kadi alipe benki deni lote, si kile kiwango cha chini wanachokuandikia kwa herufi nzito. Deni la shilingi 200,000 kwenye kadi inayotoza asilimia 3.5 kwa mwezi linazaa shilingi 7,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 84,000, hata kabla riba haijaanza kuzaa riba. Hiyo ni tiketi ya mtu, mmeilipa na hakuna aliyepaa. Kumbukeni pia kwamba deni lina jina la mtu mmoja. Wenzake wakikwama ni yeye atakayeorodheshwa CRB. Mtu anayekubali kubeba hilo kwa niaba ya wenzake asilipishwe mchango wa chai mwaka mzima, na ningependa hilo liandikwe kwenye katiba ya chama.

Msihifadhi maili kama shamba. Waliokuwa na pointi za supamaketi za Nakumatt wanajua. Ile kampuni ilikuwa na kadi mkononi mwa kila mama wa Buruburu. Matawi yakaanza kufungwa 2017, Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ifilisiwe, na ile kadi ikabaki plastiki. Na mwishoni mwa 2022 Safaricom ilipotangaza mpango wa kufuta Bonga zilizopita miaka 3, mtaa mzima ulibonyeza simu kuangalia salio ambalo haukuwa umelikumbuka kwa miaka. Aliyezichapisha pointi ndiye anayeamua thamani yake na siku yake ya kufa. Zikitosha kiti, kateni kiti.

Sasa kiti hicho kimoja akalie nani? Hapa vyama vitagombana, na nitasema ninavyoona mimi. Msipige kura, na msifanye bahati nasibu. Mpeni yule shosho wa chama, aliyechanga tangu siku za shilingi 50, ambaye sasa biashara yake imelala na mchango wake unachelewa. Wenye mishahara watalipa nauli zao kwa awamu. Yeye awamu hizo hazimalizi. Maili zina sifa moja ambayo fedha taslimu haina: hakuna anayeweza kusema zimetolewa mfukoni mwake.

Maili nono ziko Dallas

Chama kinatafuta maili Donholm ilhali ziko Texas, Minnesota na Massachusetts, kwa yule kijana wenu anayefanya zamu za usiku akihudumia wazee. Ana kadi mbili tatu kwenye pochi. Kule benki humkaribisha mteja mpya kwa makumi ya maelfu ya maili akishatumia dola elfu kadhaa katika miezi mitatu ya kwanza, na hizo dola angezitumia hata hivyo kwa chakula, bima na petroli. Wengi wao wana maili zimelala na hawajui kwamba zinaweza kumkatia tiketi mtu yeyote duniani, hata shangazi anayeishi Umoja 2.

Kuomba kuna adabu yake. Usimpigie asubuhi yako: saa tatu ya asubuhi Nairobi, Dallas ni usiku wa manane. Piga saa mbili usiku. Kwake ni saa tano au saa sita mchana kutegemea majira. Msalimie, uliza watoto, usianze na shida. Na kwa kuwa kila simu kutoka nyumbani humfikia ikiwa na bili, mwandikie kwanza ujumbe unaomwondolea hofu. Mnaweza kuunakili huu:

“Kijana wangu, sisi wazima, na tunashukuru kwa yote unayotufanyia. Leo siombi pesa. Nimesikia kadi yako ya benki ina maili za ndege. Ukipata nafasi niangalizie ni ngapi, na ni za shirika gani. Tunataka kusafiri na wenzangu wa chama mwakani. Kodi na ada tutalipa wenyewe. Wasalimie watoto. Ni mimi shangazi yako.”

Jibu likija, tazameni jina la shirika, kwa sababu ndilo litakalowaambia mtapanda ndege gani Embakasi. Maili za United zinakata tiketi za Ethiopian, Turkish na Lufthansa. Za American zinakata Qatar na British Airways. Za Delta zinakata Kenya Airways, ambayo imo kwenye umoja wa SkyTeam kikamilifu tangu 2010 na inakwenda New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018, pamoja na KLM na Air France. Mpwa asikimbilie tovuti ya shirika moja akaona hakuna nafasi akakata tamaa. Ajaribu siku tatu mbele na tatu nyuma, na ajaribu njia ya Addis Ababa, ya Doha, ya Istanbul.

Tiketi ya maili si bure. Kodi na ada hulipwa kwa fedha. Ukitoka Kenya kwenda nje kuna ile ada ya abiria ya dola 50, na mashirika mengine, British Airways ikiwemo, huongeza juu yake ada zao wenyewe ambazo zinaweza kula mchango wa miezi. Mwambieni kijana aangalie jumla ya fedha taslimu kabla ya kubonyeza.

Halafu kuna ukweli ambao wauza ndoto hawausemi. Mashirika hutenga viti vichache vya maili kwa kila ndege. Mara nyingi ni viwili. Vikifika vinne shukuruni. Chama cha watu 12 hakitaingia ndege moja kwa maili, na atakayewaahidi hivyo mwombeni awaonyeshe viti 12 kwenye skrini, siku moja, ndege moja. Kwa hiyo gawanyikeni wawili wawili. Kila jozi iwe na mtu mmoja anayesoma vibao bila shida na mmoja anayesafiri mara ya kwanza. Jozi moja ipite Addis Jumatano, nyingine Alhamisi, na aliyetangulia ndiye atakayewapokea wenzake. Shosho hatembei peke yake hata kiti kingekuwa cha dhahabu.

Kuna faida moja ya tiketi ya maili ambayo kwa mtu wa Eastlands inazidi hata ule unafuu wa bei. Mashirika makubwa ya Marekani tangu 2020 yaliondoa kwenye tiketi nyingi za maili ile ada ya kufuta safari. Ukifuta, maili zinarudi kwenye akaunti na kodi inarudishwa. Msome masharti ya tiketi yenyewe, kwa sababu yanatofautiana na mahali safari inapoanzia. Lakini fikirini maana yake. Mtu anayekwenda kuona mjukuu akifuzu Minnesota analipa dola 185 za ombi la visa, anajipanga Gigiri, anaulizwa maswali kwa dakika chache, na anaweza kuambiwa hapana. Hizo dola 185 hazirudi. Kama alinunua tiketi ya bei nafuu isiyorudishwa, nayo imekwenda. Kama tiketi ni ya maili, amepoteza ada ya visa na machozi, basi. Kwa hiyo yule ambaye visa yake haina uhakika ndiye apewe kiti cha maili, na mwenye visa tayari alipe taslimu. Ni wachache wanaopanga hivyo, na wazee wetu wamepoteza fedha nyingi kwa kutopanga hivyo.

Onyo moja, na ni zito. Msinunue maili kwa mtu msiyemjua, hata akiwa na ofisi yenye zulia River Road. Mashirika yanakataza maili kuuzwa mkono kwa mkono, na yanaweza kufuta tiketi hata mkiwa mmefika kaunta na masanduku. Tiketi nyingine za bei ya kutupa zimekatwa kwa kadi zilizoibwa; mwenye kadi akilalamika, tiketi inakufa na mwenye jina kwenye tiketi ndiye anayeulizwa.

Wengine kumi na moja

Kiti cha shosho kimepatikana. Wenzake wanalipa, na kulipa nako kuna maarifa.

Shika simu, tafuta Nairobi kwenda Dubai, weka abiria 8. Tuseme inakuambia shilingi 78,000 kila mtu. Usiguse kitu kingine, badilisha tu 8 iwe 1. Inaweza kukuambia 61,000. Hakuna aliyekudanganya. Shirika hugawa viti vya ndege moja katika mafungu ya bei, na bei ya chini ikiwa imebakiza viti vitatu, kundi la watu 8 halitoshi humo, kwa hiyo mfumo unawapeleka wote 8 kwenye bei ya juu inayowatosha. Kateni watatu kwa bei ya chini, kisha watano kwa bei inayofuata. Hapo mmeokoa 51,000 kwa dakika tano. Baadaye pigeni simu kwa shirika mwombe zile tiketi mbili ziunganishwe kwenye kumbukumbu, ili ndege ikichelewa msitawanywe.

Mkifika watu 10, mlango mwingine unafunguka. Mashirika mengi yana dawati la makundi, na mawakala waliosajiliwa na IATA au walio wanachama wa KATA wanaweza kulifikia kwa niaba yenu. Bei ya kundi wakati mwingine iko juu kidogo ya ile ya chini kabisa mtandaoni, na hapo wengi hukunja uso wakaondoka. Wasiondoke. Mnacholipia ni muda. Mnatoa amana, bei inashikwa, salio mnalimaliza miezi inayofuata, na majina mnayapeleka baadaye. Chama kinaishi kwa mchango wa mwezi. Mpango huu unakifaa. Ulizeni tu mambo matatu na yaandikwe: siku ya mwisho ya salio, siku ya mwisho ya majina, na watu wangapi wanaweza kujitoa bila amana kupotea. Katika kundi la watu 12, mmoja atajitoa. Nayasema haya nikiwa na huzuni ila kwa uhakika.

Kwenda majuu kwa kundi si jambo geni Nairobi. Tom Mboya, aliyechaguliwa mwaka 1957 kuwakilisha Waafrika wa Nairobi, na ambaye wapiga kura wake walijaa Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati na Ziwani, alikuwa na vijana waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani lakini hawana nauli. Nauli ya mmoja mmoja ingewashinda. Alikwenda Marekani 1959 akazungumza na watu, marafiki wa huko wakiwemo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakasaidia kuchangisha, na Septemba mwaka huo vijana 81 wakapaa kwa ndege moja ya kukodi. Nyumbani wazazi na majirani walikuwa wamechanga fedha za matumizi kwa karamu za chai. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000, na Wangari Maathai akawa mmoja wa waliosafiri, akielekea chuo kidogo huko Kansas. Mkikaa na thermos zenu mkichangia tiketi, mnafanya kitu ambacho mtaa huu umekifanya kabla uhuru haujaja, na kikazaa mshindi wa Nobeli. Nawaomba mkione hivyo.

Kwa safari ya kwanza, mimi ningechagua nchi isiyodai visa, ili chama kijifunze kusafiri kabla ya kujifunza kukataliwa. Afrika Kusini iliondoa visa kwa Wakenya kuanzia Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Johannesburg ni mwendo wa saa nne hivi angani, na bado utaweza kusema kanisani kwamba ulivuka mipaka.

Mama Brayo si jina la pasipoti

Hapa ndipo safari nyingi za makundi huumia, kwa hiyo nisikilizeni. Katika chama watu wana majina ya chama. Daftari limeandikwa Mama Brayo, Mama Shiro, Baba Kevo, Soo Mbili. Mweka hazina akiombwa majina na wakala, atatuma hayo, au atatuma lile la M-Pesa, ambalo huenda ni la laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Tiketi ni lazima ifanane na pasipoti. Herufi moja inaweza kurekebishwa kwa simu na subira. Jina zima likikosewa, mara nyingi ni tiketi mpya, na kwenye tiketi ya maili huenda kile kiti cha mwisho kikachukuliwa na mtu mwingine wakati mnarekebisha.

Kwa hiyo mkutano mmoja uwe wa pasipoti tu. Kila mtu aje nayo mkononi. Katibu apige picha ukurasa wenye sura, asome jina kwa sauti, mwenyewe aitikie. Mtacheka sana, kwa sababu watu wamekaa miaka ishirini pamoja na ndiyo mara ya kwanza wanasikia kwamba Mama Shiro anaitwa Philomena. Angalieni tarehe: nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Asiye nayo aanze leo kwenye eCitizen. Ile ya kurasa 34 ilipanda kutoka 4,500 hadi shilingi 7,500 mwezi Machi 2024, na Nyayo House hakuharakishwi kwa kuwa chama kimelipa amana. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiingie kwenye bahasha hiyo hiyo.

Siku yenyewe

Kodini matatu moja ya watu 14. Mkutane stage moja, saa nne kabla ya ndege kuondoka, na anayechelewa apigwe faini ile ile ya mkutano. Waambieni wasindikizaji waagane nanyi mtaani. Ukoo wa watu 12 ukija wote Embakasi, mtajaza barabara na dua itachukua saa nzima.

Pimeni masanduku nyumbani, kwa mizani ya duka la rejareja. Unga wa ugali unaruhusiwa, na kijana wa Dallas ameukosa. Nyama kavu ya kwenda Marekani msithubutu, itatupwa mbele ya macho yenu. Samli, mafuta na ile chupa ya asali ya Kitui viingie sanduku kubwa, maana mkononi hakipiti kimiminika zaidi ya mililita 100. Dawa za presha za shosho zikae mkobani mwake, zisiende chini na mizigo. Akifika kwenye kiti mwacheni akae dirishani. Ndege ikipaa, mwonyesheni Utawala.

Mkirudi, mkutano wa Jumapili ya kwanza uwe wa mahesabu. Risiti zote mezani: amana, salio, kodi za ile tiketi ya maili, matatu, simu zilizopigwa kwa wakala. Kilichobaki kigawanywe ama kianze mfuko wa safari ya pili. Kijana wa Dallas apigiwe simu ya video saa mbili usiku, shosho akiwa katikati, na chama kiamue kwa sauti moja atatumiwa nini. Mimi ningependekeza kilo mbili za majani ya chai ya Kericho na kiondo kilichosukwa kwa mkono. Baada ya hapo katibu asome orodha ya wanaofuata.